Mabano Yaliyogeuziana Migongo: Kumsoma Mez Breeze Nikiwa Mwakitolyo

Mez Breeze ni mwandishi ambaye huwezi kumsoma kwa sauti. Jaribu tu na jina la kazi yake moja: _cross.ova.ing ][4rm.blog.2.log][. Ukifika kwenye nukta ya kwanza ulimi unasita. Ukifika kwenye yale mabano yaliyogeuziana migongo, ulimi unakaa pembeni kabisa na jicho linaendelea peke yake.

Sasa liangalie jina lenyewe taratibu. "Crossing over" ni kuvuka, kwenda upande wa pili. Waliosoma baiolojia wanajua kwamba ndilo pia jina la tendo la kromosomu kubadilishana vipande. Mez ameandika "over" kama inavyosikika mdomoni, "ova", na hapo yakaingia mayai ya uzazi, maana "ova" kwa Kiingereza cha kitabibu ndiyo mayai hayo. Kisha "4rm": ukiipitia haraka ni "from", yaani kutoka, ukiitamka kwa namba yake ni "form", yaani umbo. "2" ni "to" na bado ni namba mbili. Na "blog" ikipoteza herufi ya kwanza inabaki "log", daftari la kumbukumbu kama lile la nahodha, au gogo la mti. Mstari mmoja umebeba yote hayo, na hakuna hata kimoja kilichofichwa. Vyote viko juu ya meza.

Nimekaa na maandishi ya Mez kwa miezi kadhaa sasa, kwenye simu, na nina jambo moja la kusema juu yake: utata wake ni wa wazi, na uwazi huo ndio thamani yake. Wapo wanaomsifu kwa sababu ni mgumu. Wapo wanaomkataa kwa sababu hiyo hiyo. Ugumu haunisumbui sana. Huku kwetu mawe yote ni magumu, na hayalingani bei. Ninachouliza ni: ukishapasua, kuna nini ndani, na nani amefaidika?

Kwa wasiomjua: Mez, jina lake kamili Mary-Anne Breeze, ni msanii wa Australia. Alianza miaka ya 1990, wakati intaneti kwa watu wengi ilikuwa ni maandishi matupu, bila video wala picha za kutelezesha kwa kidole. Alituma tungo zake kwa barua pepe, kwa majina ya bandia mengi, na mara nyingine alichukua maneno ya wenzake, akayavunja, akayaunga upya na kuyarudisha yakiwa kitu kingine. Namna hiyo ya kuandika aliipa jina la mezangelle. Baadhi ya tungo zake zimekusanywa kwenye kitabu cha karatasi, Human Readable Messages, kinachobeba kazi za mwaka 2003 hadi 2011, na mwaka 2017 zikatoka nyingine kwenye Attn: Solitude. Mwaka 2019 Electronic Literature Organization ilimpa tuzo ya heshima kwa kazi ya miaka yake yote. Kwa hiyo huyu si mtoto anayechezea kibodi.

Mezangelle inafanyaje kazi? Mez anachukua neno la Kiingereza na kulipasua kwa alama ambazo waandika programu wanazitumia kila siku: mabano ya mraba, nukta, kistari cha chini, namba mahali pa herufi. Kipande kilichofungiwa ndani ya mabano kinaweza kusomwa au kurukwa. Ukikisoma unapata neno moja, ukikiruka unapata jingine, na hakuna anayekwambia lipi ndilo sahihi. Kwa nje inafanana na msimbo wa kompyuta. Ukiipa kompyuta, haiwezi kufanya chochote nayo.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Mwaka 2002 John Cayley, ambaye naye ni mshairi wa maandishi ya kidijitali, aliandika makala akisema kwamba msimbo si matini, isipokuwa pale unapokuwa matini kweli. Alitaka tutofautishe msimbo unaoendesha mashine na msimbo uliowekwa usoni ili uonekane. Ni hoja nzito. Karasha lililopakwa rangi nzuri lakini halina injini halisagi hata kokoto moja. Lakini nadhani kwa Mez inabidi tutafute injini mahali pengine. Mashine inayoendesha mezangelle ni msomaji. Yale mabano ni amri anazopewa yeye: simama hapa, chagua, rudi nyuma, soma tena. Anayezitii anatoka na kitu. Anayesoma kama anasoma gazeti anatoka na mchanga.

Mimi naishi Mwakitolyo, Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, na kazi yangu ni kuandika daftari kwenye karasha. Mawe yanatoka kwenye duara yakiwa kwenye viroba, na kabla hayajasagwa lazima ijulikane kiroba kipi ni cha nani. Kuna vya mwenye duara, kuna vya mwenye leseni, kuna vya vijana walioshuka chini, na kuna kimoja au viwili vya mama lishe aliyewalisha kwa mkopo wiki nzima. Yote hayo yanakaa kwenye daftari la shilingi elfu mbili na kwenye ujumbe wa simu. Kwa hiyo mimi nasoma fasihi usiku, na mchana naishi kwenye maandishi ambayo neno likiwa na maana mbili, kuna mtu analala njaa.

Nikupe mfano. Kulikuwa na ujumbe mmoja ulioleta kesi ya siku tatu hapa: "viroba 6 hjalipwa". Aliyetuma alikuwa mnunuzi wa mawe; aliyepokea alikuwa kiongozi wa kikundi cha vijana. Kiongozi akasoma "hujalipwa", yaani wewe hujalipwa, deni lako nalitambua. Vijana wakashangilia. Mnunuzi alipofika akasema aliandika "hajalipwa", yaani mwenye duara hajalipwa, na mzigo wake ukitoka ndio nyie mtafikiriwa. Tofauti ni irabu moja, a au u, na mtumaji hakuandika yoyote kati ya hizo mbili. Mzee mmoja aliyekuwa anasikiliza akauliza, "Sasa wanangu, hiyo irabu ina bei gani?" Ilikuwa na bei ya viroba sita. Mwishowe waligawana nusu kwa nusu, na hakuna aliyeondoka ameridhika.

Nilipokuwa nasoma Mez baada ya kesi ile, nikajiuliza kwa nini utata wake haunikasirishi wakati ule wa "hjalipwa" uliniudhi kiasi kile. Jibu liko kwenye mabano. Mtumaji wa ule ujumbe aliacha shimo mahali pa irabu, na ndani ya shimo kila mtu akaona alichokitaka, kisha mwenye nguvu zaidi akaja kusema maana ni ipi. Mez haachi shimo. Anaweka maana zote mbili pale pale, anazizungushia mabano, anakwambia: hizi hapa, zote ni zangu, nawajibika nazo zote. Kama angekuwa ndiye aliyeandika ujumbe ule angeandika h[a][u]jalipwa, na kiongozi wa kikundi angejua palepale kwamba anachezewa, au kwamba mambo bado hayajaamuliwa. Angeuliza siku ile ile. Asingeshangilia bure.

Sitaki kumpamba Mez kuliko inavyostahili. Hakuandika kwa ajili ya wachimbaji. Lakini fikiria lugha inayotuzunguka. "Malipo yatafanyika kwa utaratibu." "Wananchi watashirikishwa ipasavyo." "Eneo litatolewa baada ya taratibu kukamilika." Sentensi hizi hazina bano hata moja, sarufi yake ni safi, mwalimu angezipa alama zote, na maana yake haishikiki. Ni utata uliovaa suti. Mezangelle imevaa matambara, imejaa alama kama uso wenye vumbi la karasha, lakini ukiiuliza inakujibu. Hilo ndilo nililojifunza kwake, na sikulipata kwa urahisi kwenye vitabu vyenye lugha nyoofu.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya Wazungu na kompyuta zao. Hapana. Lugha yetu ina historia ndefu ya maandishi na matamshi yanayomlazimisha mtu achague.

Chukua Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hati nyingi za zamani hazikutofautisha e na i, wala o na u, na sauti ya p mara nyingi iliandikwa kwa herufi ya b. "Pata" na "bata" zinaweza kukaa kwenye umbo moja. Msomaji alipaswa kuujua utenzi kabla ya kuusoma, au awe na akili ya kuupima mstari: hapa vina vinataka nini, hapa mizani inakubali nini. Katika karne ya 19, Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliongeza alama kwenye herufi hizo ili sauti za Kiswahili zionekane wazi. Ona jinsi anavyokutana na Mez wakiwa wanatembea pande tofauti. Sikujua aliongeza alama ili maana ibaki moja. Mez anaongeza alama ili maana zibaki mbili. Lakini wote wawili walikataa shimo. Wote walitaka msomaji aone kilichopo.

Chukua kinyume, ule mchezo wa kuchukua silabi ya mwisho na kuitanguliza mbele. Nyumba inakuwa "mbanyu", dhahabu inakuwa "budhaha". Askofu Edward Steere aliukuta Zanzibar na akauwekea mifano kwenye kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha mwaka 1870. Kinyume ni sanaa ya maneno yaliyovunjwa, na ina kasi ambayo inanishangaza hadi leo. Lakini nia yake ni kuficha: mimi na wewe tunaelewana, yule wa tatu abaki nje. Mez anavunja maneno kwa nia iliyo tofauti kabisa, ingawa kwa jicho la haraka matokeo yanafanana.

Halafu chukua simu zetu. "Cjui". "2po". "7bu", ambayo ni sababu. "Xaxa". Tumezoea kuambiwa kwamba vijana wanaandika hivi kwa uvivu au kwa kubana herufi, zamani ujumbe ulipokuwa unahesabiwa. Hebu hesabu mwenyewe. "Cjui" inapunguza herufi moja kwenye "sijui". "2po" inapunguza moja kwenye "tupo". "Xaxa" haipunguzi hata moja. "Sasa" ina herufi nne na "xaxa" ina nne. Aliyeandika "xaxa" hakuwa anabana chochote. Alikuwa anachezea sura ya neno kwa ajili ya jicho, kwa sababu sikio haliwezi hata kuitambua tofauti ikiwa "x" inasomwa kama "s". Yaani vijana wa Kahama na Shinyanga waliokuwa wanakaripiwa kwa kuharibu Kiswahili walikuwa tayari wamevuka mpaka uleule aliouvuka Mez: waliandika maneno ya kuangaliwa. Na "7bu" ni ndugu wa damu wa "4rm". Tofauti ni kwamba hakuna aliyewauliza walikuwa wanafanya nini, na wao wenyewe hawakuendelea. "Xaxa" inakupa sura mpya na maana ileile ya zamani. Pale walipoishia ndipo Mez anapoanzia kazi.

Je, mabano yake yanaweza kuhamia kwenye Kiswahili? Nimejaribu kidogo, na ninaweka majaribio yangu hapa kwa sababu bila kujaribu, uhakiki wa namna hii ni maneno tu.

Jaribio la kwanza: tu[me][ta]lipwa. Tumelipwa, tutalipwa. Ukiondoa vipande vyote viwili inabaki "tulipwa", malipo yasiyo na wakati, kitu ambacho sarufi inakikataa lakini kambi nzima ya wachimbaji inakielewa. Mwanzoni nililipenda sana jaribio hili. Baadaye nikaliona ni jepesi. Kiswahili tayari kimeunganishwa kwa viungo. Kitenzi chetu kina kiambishi cha nafsi, cha wakati, mzizi, mnyambuliko, kila kimoja na kazi yake. Ukiweka bano kwenye kiungo, hujavunja kitu, umeonyesha tu mshono uliokuwepo. Ukiendelea hivyo ukurasa mzima utakuwa umetunga swali la mtihani wa uchanganuzi wa viambishi. Mez kwa Kiingereza hana mishono mingi kiasi hicho, ndiyo maana analazimika kupasua kwenye nyama.

Jaribio la pili: ma[chi]mbo. Machimbo, mambo. Hapa bano halikufuata mshono. Limekata mzizi "chimb" katikati, na ndani ya machimbo yakatoka mambo. Anayeishi huku hahitaji kuelezwa. Watu hawaji Mwakitolyo kuchimba tu, wanakuja na mambo yao: ada ya shule, mahari, nyumba iliyoishia kwenye lenta, mke aliyeachwa Maswa. Hili nadhani Mez angelitambua.

Jaribio la tatu: dua[ra]. Duara ndilo jina la shimo tunalochimba, na nusu yake ya kwanza ni dua. Kijana anashuka kwa kamba, na aliyeko juu ameshika kamba anasema kimoyomoyo kile kilicho nje ya mabano. Sikuongeza kitu, nimetumia herufi zilizokuwepo. Kama mezangelle ya Kiswahili itakuwepo, nadhani itakaa hapa: kwenye maneno ambayo yamebeba neno jingine tumboni kwa bahati, na bahati hiyo ikawa inasema kweli.

Hata jina la mahali hapa linajiandika hivyo. Kwenye ramani na kwenye mabango ni Mwakitolyo. Wazee wa Kisukuma wanapolitaja, mwanzo wake ni Ng'wa. [Ng'][M]wakitolyo: la kwanza la nyumbani, la pili la ofisini, na sisi tunaishi katikati ya mabano mawili bila kuona shida.

Sasa nirudi kwa Mez nimkosoe, maana hadi hapa nimekuwa mpole.

Tatizo la kwanza ni wingi. Kuna kurasa zake ambazo kila neno limepasuliwa, na linapopasuliwa kila neno, hakuna linalosikika. Sisi tunajua kwamba si kila jiwe ni la kusaga. Mtu mwenye uzoefu anaangalia, anapima kwa mkono, analitupa. Mez wakati mwingine anakuletea kiroba kizima bila kuchambua na kukuachia wewe gharama ya kusaga. Unapasua neno, unakuta ndani kuna neno jingine, sawa, lakini hayo mawili hayaambiani chochote. "Dua" na "duara" yanaambiana. Kipimo changu ni hicho, na kwa kipimo hicho sehemu ya kazi zake ni kifusi.

Tatizo la pili ni sauti, na hili kwetu ni zito. Ushairi wa Kiswahili umelelewa na sikio. Evarist Kezilahabi wa Ukerewe, jirani yetu wa ziwani, alipotoa Kichomi mwaka 1974 bila vina wala mizani, ugomvi uliozuka ulidumu miaka. Na Kezilahabi bado anasomeka kwa sauti. Ukisimama darasani unaweza kumghani na watu wakanyamaza. Mezangelle huwezi kuighani. Ukiisoma kwa sauti lazima uchague maana moja na kuiua nyingine, yaani ukiitamka tu umeiharibu. Maana yake ni kwamba haiwezi kusimuliwa kwenye moto, haiwezi kufika kwa mama asiyejua kusoma, haiwezi kuimbwa na watu wanaovuta kamba. Sioni njia ya kulizunguka hilo, na sidhani kwamba tunapaswa kujifanya halipo. Fasihi inayoliacha sikio inawaacha watu wengi nje. Inabidi wale inaowabakiza iwalipe vizuri.

Tatizo la tatu ni Kiingereza. Ili uone "ova" ndani ya "over" lazima uwe umelala na lugha hiyo muda mrefu. Mimi niliyaona mengine kwa msaada wa kamusi, na mengine najua yamenipita. Hapa nakumbuka jaribio jingine la maandishi ya mtandaoni, la jirani zetu wa Kenya. Machi 2016 jarida la Jalada lilichapisha hadithi fupi ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyoandikwa kwa Kigĩkũyũ, pamoja na tafsiri zake kwa lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwemo, na nyingine zikaendelea kuongezeka. Hayo nayo ni matini yenye sura nyingi, lakini sura hizo zimepangwa kando kwa kando, kila mtu aingie kwa mlango wa kwao. Mez amezirundika sura zote ndani ya neno moja la lugha moja. Jalada wamefungua milango mingi zaidi. Mez ameonyesha jinsi mlango mmoja ulivyotengenezwa. Nikiambiwa nichague kimoja kwa ajili ya watoto wa shule ya hapa, nitachagua Jalada bila kufikiri. Kwa ajili ya mwandishi anayetaka kujua neno lina nini ndani, nitampa Mez.

Kuna sifa yake moja ambayo wahakiki walio na intaneti ya kasi wanaweza kuisahau: mezangelle ni nyepesi. Ni herufi tupu. Inafunguka hata pale mtandao ukiwa wa kubahatisha, na haili bando. Kazi nyingi za fasihi ya mtandaoni za miaka ile zilijengwa kwa Flash, na Adobe ilipoacha kuihudumia mwishoni mwa mwaka 2020, nyingi zilizimika kwenye vivinjari vya kawaida kama taa. Mez naye amefanya kazi nzito za picha na mwendo: #Carnivast ya mwaka 2012, aliyoifanya na Andy Campbell wa Uingereza, inaweka maandishi yake kwenye maumbo ya pande tatu. Lakini mabano yake ya mwanzo, yasiyohitaji chochote zaidi ya kibodi, bado yanasomeka kwenye simu ya laki moja na nusu yenye kioo kilichopasuka. Nimeyasoma hivyo. Kwenye kioo kidogo mistari inakatika mahali ambapo yeye hakuikata, na mara mbili tatu mkato huo umenipa maana nyingine. Sina hakika kama angekataa.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni wa kazini. Usimsome Mez kurasa kumi kwa mkupuo. Chukua mstari mmoja. Usome mara ya kwanza ukiruka kila kilicho ndani ya mabano, mara ya pili ukisoma kilicho ndani tu, mara ya tatu vyote kwa pamoja. Kisha uache, urudi kesho yake. Huku mchanga uliokwishaoshwa na kutolewa dhahabu tunauita marudio, na wapo watu wanaoishi kwa marudio tu, kwa sababu mkono wa kwanza huwa haumalizi. Mez anafaa kusomwa kwa marudio.

Na kwa waandishi wenzangu wa Kiswahili, hasa mnaoandika kwenye simu: mabano hayana mwenyewe, yachukueni. Lakini kabla hujapasua neno, jiulize kama maana ya pili unayoionyesha ni ile ambayo mtu fulani angependa ibaki imefichwa. "Tu[me][ta]lipwa" ni mchezo wa sarufi kwangu mimi nikiwa nimekaa kivulini. Ikiwa imeandikwa kwa chaki ukutani kwenye ofisi ya anayedaiwa, ni shairi, na yeye ataielewa kabla sisi hatujaielewa. Kama una jaribio lako, liandike hapo chini. Nitalisoma mara tatu.